Kwa Baiskeli Kando ya Mto Loire

Asiyezoea kupanda milima hana haja ya kuliogopa bonde la Loire, Ufaransa. Njia ya baiskeli ya La Loire à Vélo ina urefu wa kilomita 900 hivi, kutoka Cuffy, karibu na Nevers, hadi pwani ya Atlantiki, na sehemu kubwa ni tambarare.

Kinachosumbua ni upepo. Mara nyingi huvuma kutoka magharibi, hivyo anayefuata mkondo huupokea usoni. Wajanja huanzia baharini.

Karibu na Saumur kuna majabali ya chokaa laini. Humo yalichimbwa mawe ya kujengea makasri. Mapango yaliyobaki yakageuzwa nyumba, maghala ya mvinyo, hata mashamba ya uyoga. Hapo inafaa kushuka: ndani kuna ubaridi hata Agosti, jua likiwaka nje.