Bega la mzazi limegoma? Soma hii kabla utume doo ya upasuaji

Kuna simu fulani ambayo kila kijana aliyetoka ocha akaja mjini huiogopa. Mama alilala akiwa sawa, akaamka mkono hauinuki. Hajaanguka, hajapigwa na mtu. Hawezi kuchana nywele, hawezi kufunga sidiria, na lile karai la omena alilokuwa akijitwika kila asubuhi sasa ni la kuangaliwa tu. Usiku ndio mbaya zaidi, kwa sababu akilalia upande huo anaruka kitandani kama aliyeguswa na moto.

Kufikia saa nne grupu ya familia kwenye WhatsApp imechemka. Mmoja anasema ni baridi ya ziwa. Mwingine anasema mama apelekwe kuchanjwa chale. Binamu mjuaji aliye Nairobi ameingia Google, amerudi na habari kwamba ni kalsiamu imeganda begani na kuna sindano ya kuiosha bila kupasuliwa. Kabla jioni ifike, mchango umefunguliwa na wewe umeandikiwa elfu kadhaa bila kuulizwa.

Hebu tutulie kidogo. Binamu hajakosea kabisa. Huo ugonjwa upo na hiyo sindano ipo. Lakini kuna mambo ambayo mtu anayetuma pesa anafaa kuyajua kabla ya kubonyeza M-Pesa.

Kisiwa kinachoishi kwa mabega

Rusinga ni kisiwa kilicho Ziwa Victoria, Kaunti ya Homa Bay, na kimeunganishwa na mji wa Mbita kwa daraja. Wengi hukijua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko huko. Ya pili ni mifupa: mwaka wa 1948 Mary Leakey alichimbua huko fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya sokwe aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita.

Lakini ukifika ufuoni alfajiri utaona sababu ya tatu. Kisiwa hiki kinakula kwa nguvu za mabega. Wavuvi wa omena wamekesha na taa majini, wamevuta nyavu gizani, sasa wanasukuma mtumbwi mchangani. Kina mama wanapokea, wanabeba, wanaanika, wanapindua, wanakusanya tena mvua ikitisha. Hapa bega likigoma, si mambo ya kukosa gym wiki mbili. Karo na unga pia vinagoma.

Ndiyo maana ni rahisi kusema kazi ndiyo imeleta kalsiamu. Ukweli si rahisi hivyo. Mwaka wa 1941 daktari Mmarekani anayeitwa Bosworth alichapisha matokeo ya uchunguzi wa mabega ya wafanyakazi 6,061 wa ofisini, watu wa kalamu na karatasi, si watu wa kuvuta nyavu. Asilimia 2.7 kati yao walikuwa na kalsiamu begani, na wengi wa hao hawakuwa na maumivu yoyote. Kwa hivyo mambo mawili yanafuata. Unaweza kupata huu ugonjwa bila kubeba hata ndoo. Pia unaweza kuwa na kalsiamu begani na isiwe ndiyo inayokuumiza.

Kwa mvuvi au mchuuzi wa omena, kuna sababu nyingine kibao za bega kuuma: kano iliyochoka, kano iliyochanika, bega lililoganda, au maumivu yanayoteremka kutoka shingoni. Zote zinafanana ukiziskiza kwa simu. Huwezi kuzitofautisha ukiwa Umoja na mgonjwa akiwa Rusinga.

Chokaa kwenye kano

Bega lina kundi la kano nne zinazoshikilia kichwa cha mfupa wa mkono kisitoke mahali pake. Ile iliyo juu, inayosaidia kuinua mkono pembeni, ndiyo hupatwa zaidi. Ndani yake mwili huanza kuweka chembechembe za madini ya kalsiamu, yale yale yanayojenga mifupa, lakini mahali ambapo hapahitaji mfupa. Wagonjwa wengi huwa na umri wa kati ya miaka 30 na 60, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Watu wenye kisukari au shida ya tezi la shingo pia huonekana kupatwa zaidi.

Na hapana, haitokani na chakula. Ukiskia mtu akimwambia mama aache maziwa au omena kwa sababu zina kalsiamu, mwambie aache hiyo maneno. Kalsiamu ya begani haitoki kwenye sahani. Ukimnyima mama omena, bega halitapona, na mifupa yake ndiyo itakayoumia.

Sehemu ya kushangaza ni jinsi ugonjwa wenyewe unavyotembea. Kwanza kalsiamu hujikusanya polepole, ikiwa ngumu kama chaki. Inaweza kukaa hapo miezi au hata miaka bila fujo yoyote. Halafu siku moja mwili unaamka, unaamua kuiyeyusha na kuifagia. Sehemu hiyo inavimba, na ile chaki inalainika kama dawa ya meno. Hapo ndipo mtu hulia usiku kucha. Yaani siku zile mbaya kabisa mara nyingi ndizo siku ambazo mwili uko kazini kujitibu. Baada ya hapo kano hujirekebisha, na wagonjwa wengi hupata nafuu bila kupasuliwa.

Kumbuka hilo vizuri, kwa sababu ndilo linalofanya hii tiba ya sindano iwe ngumu kupima.

Sindano yenyewe inafanywaje

Hakuna kulazwa. Mgonjwa analala au anaketi, daktari anapaka jeli na kuangalia bega kwa mashine ya altrasaundi, ile ile inayotumiwa kumwangalia mtoto tumboni. Akishaona kalsiamu iko wapi, anachoma dawa ya ganzi. Kisha anaingiza sindano moja au mbili hadi katikati ya lile donge, akifuatilia ncha kwenye skrini.

Kupitia sindano hiyo anasukuma maji safi ya chumvi, yale ya hospitali, na kuyavuta tena, mara nyingi. Maji yanarudi yakiwa meupe kama maziwa, na ukiyaacha kidogo, unga wa chokaa unatua chini ya bomba. Si lazima yote itoke. Wazo ni kuvunja donge ili mwili umalizie. Mwishoni, kwa kawaida daktari huchoma dawa ya steroidi karibu na kano ili kutuliza uvimbe. Kazi yote huisha kwa nusu saa hivi na mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyo hiyo, ingawa bega linaweza kuuma zaidi kwa siku chache kabla ya kutulia.

Ukilinganisha na upasuaji, inaonekana ni ushindi wa wazi. Hakuna mshono, hakuna usingizi wa dawa, hakuna kitanda cha wodi. Shida ni swali moja: je, ni kule kuosha kunakoponya, ama mgonjwa angepona tu?

Utafiti uliomwaga maji kwenye moto

Uholanzi walianza kujibu. Watafiti waliwalinganisha wagonjwa 48. Wengine waliosha kalsiamu na kuchomwa steroidi, wengine walichomwa steroidi pekee. Baada ya mwaka mmoja, matokeo yaliyotolewa 2013 yalionyesha waliooshwa wakiwa mbele. Madaktari wengi wakafurahi. Lakini watafiti hao hao walipowaangalia tena baada ya miaka mitano, tofauti ya maana haikuwepo tena.

Halafu Oktoba 2023 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, likachapisha utafiti mkubwa zaidi kutoka hospitali za Norway na Sweden. Watu 220 wenye kalsiamu begani, ambao walikuwa wameumwa kwa angalau miezi mitatu, waligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza lilioshwa kweli na kupewa steroidi. La pili lilifanyiwa kuosha kwa kuigiza, likapewa steroidi ya kweli. La tatu lilifanyiwa maigizo na kuchomwa ganzi tu. Wagonjwa hawakujua wako kundi gani.

Wiki za kwanza, waliopata steroidi walikuwa na nafuu zaidi. Kufikia mwezi wa nne, makundi yote matatu yalikuwa karibu sawa. Baada ya miaka miwili, bado sawa. Waliooshwa hawakuwapiku walioigiziwa.

Hii haimaanishi hiyo sindano ni utapeli. Wapo madaktari wazuri wanaoendelea kuitumia, hasa kwa mtu ambaye maumivu yamekataa kila kitu. Ila inamaanisha hivi: mtu akikuambia mama asipooshwa hiyo kalsiamu bega litakufa, anakuuzia hofu. Na ikiwa familia iko karibu kuuza ng'ombe au injini ya boti ili kulipia, hiyo ni habari ya maana sana.

Sasa ufanye nini?

Kwanza, mama aonwe na mtu aliyesomea. Mbita, hapo tu ukivuka daraja, kuna hospitali ya kaunti ndogo. Picha ya kawaida ya eksirei mara nyingi inatosha kuonyesha kalsiamu, huhitaji kuanza na picha ghali. Angalia pia kama amesajiliwa SHA, mfumo uliochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 1, 2024. Uliza hospitali mapema SHA italipia nini na nini kitatoka mfukoni, kabla ya kuitisha mchango.

Pili, wiki za kwanza ni za kutuliza maumivu. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa, kupunguza mizigo, kulala na mto chini ya mkono. Dawa kama ibuprofen na diclofenac husaidia, lakini si peremende. Mtu mwenye vidonda vya tumbo, presha au shida ya figo asizinunue tu dukani, aulize daktari. Na mkono usifungwe mwezi mzima kama umevunjika. Bega lisilosogezwa huganda, na hapo utakuwa na shida mbili.

Tatu, mazoezi. Mtaalamu wa tiba ya viungo humwonyesha mgonjwa jinsi ya kusogeza na kuimarisha bega polepole, na mengi anaweza kuyafanya nyumbani kwa ukuta na kamba. Hii ndiyo tiba ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo watu huacha mapema kuliko zote.

Nne, sindano ya steroidi inaweza kununua wiki kadhaa za usingizi mtu akizidiwa. Kama mgonjwa ana kisukari, lazima aseme, kwa sababu sukari inaweza kupanda kwa siku kadhaa.

Tano, maumivu yakiendelea kwa miezi ndipo mazungumzo ya kuosha, ya mawimbi ya mshtuko au ya upasuaji wa tundu dogo yaanze. Daktari akipendekeza, muulize maswali matatu: Una uhakika ni kalsiamu inayouma? Umefanya hii mara ngapi? Tukisubiri miezi mitatu zaidi tukifanya mazoezi, tunapoteza nini? Daktari mzuri hatakasirika.

Kuna dalili ambazo hazingoji ushauri wa grupu. Bega likiwa jekundu na moto huku mtu ana homa, mkono ukikataa kabisa kuinuka baada ya kuanguka, kidonge au uvimbe unaoendelea kukua, ama maumivu ya bega la kushoto yanayokuja na kifua kubana na kukosa pumzi: hapo ni hospitali siku hiyo hiyo. Hiyo ya mwisho inaweza kuwa moyo.

Pesa ya mapumziko

Kitu ambacho hakuna mtu hutaja kwenye mchango ni hiki: kupumzisha bega ni gharama. Msee wa ofisini akiambiwa apunguze kazi, mshahara bado unaingia. Mama wa omena akikaa wiki tatu, hakuna kinachoingia. Ndiyo maana wengi hurudi kubeba karai kabla bega halijapoa, na mzunguko unaanza tena. Kuna miezi ambayo uvuvi wa omena hufungwa, kwa kawaida Aprili hadi Julai, ili samaki wazaane. Kwa mwenye bega bovu huo unaweza kuwa msimu wa mazoezi, ikiwa tu kuna mtu wa kusaidia na unga.

Kwa hivyo kama umeandikiwa elfu tano ya sindano, jaribu kuigawa hivi: nauli ya kwenda Mbita na kurudi, eksirei, ziara chache za mazoezi, na zinazobaki mlipe kijana wa jirani abebe lile karai kwa mwezi mmoja. Kama baada ya hapo bado sindano inahitajika, mtachanga tena, na safari hii mtakuwa mnajua mnalipia nini.