Umemaliza PCB, unataka udaktari? Usiombe chuo kimoja tu

Kwa vijana wengi wa Marangu au Machame, ndoto ya udaktari inaanzia KCMC, Moshi. Tatizo ni nafasi: D tatu za Fizikia, Kemia na Baiolojia (pointi 6) zinakupa haki ya kuomba, si uhakika wa kuchaguliwa.

Hivyo omba vyuo kadhaa, na angalia hospitali utakayojifunzia. MUHAS wanatumia Muhimbili, CUHAS ya Mwanza wanatumia Bugando.

Piga hesabu ya ada ya miaka 5 yote, kisha kuna mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo. Mkopo wa HESLB unaombwa kivyake.

Ukichaguliwa vyuo viwili, thibitisha kimoja mapema. Ukizembea, nafasi inaweza kupotea.