MALEZI: Mtoto wa zama za M-Pesa afunzwe vipi thamani ya pesa?

MAMA ameingia dukani na bintiye wa miaka mitano. Binti anaona mwanasesere, anamtaka. Mama anamwambia kwamba hana pesa. "Si utoe kwa simu?" mtoto anauliza, na wateja walio kwenye foleni wanaangua kicheko.

Swali la mtoto huyo si la kipuuzi. Kabla ya Machi 2007, M-Pesa ilipoanzishwa, mtoto wa Kenya alijifunza mengi kuhusu pesa kwa kutazama tu. Aliona noti ikifunguliwa kutoka pindo la leso, ikipewa mwenye duka, kisha chenji ikirudi ikiwa haba kuliko kilichotoka. Siku hizi anachokiona ni kidole kikibonyeza simu, ujumbe ukiingia na unga ukibebwa nyumbani. Kinachopungua hakionekani. Ndiposa watoto wengi huamini kwamba simu ni kisima kisichokauka, na kwamba mzazi anayesema hana kitu ni mchoyo tu.

Njia nyepesi ya kuliondoa pazia hilo ni kumwonyesha mtoto salio kabla na baada ya kulipa. Zilikuwepo Sh800, unga na maziwa vimekula Sh230, zimebaki Sh570, na hizo lazima zifike Ijumaa. Mtoto aliyeanza kuhesabu ataelewa. Nambari ya siri, hata hivyo, isiwe sehemu ya somo hilo.

Hali kadhalika, neno "sina" linahitaji uangalifu. Mzazi anayelitamka mbele ya mwanasesere, kisha dakika mbili baadaye akajinunulia soda, amefunza jambo ambalo hakulikusudia. Ni heri kusema ukweli: pesa zipo, lakini ni za nauli na karo.

Hata hivyo, pesa za kushikwa mkononi zingali na nafasi yake kwa mtoto wa umri wa kati ya miaka mitatu na sita. Katika umri huo, wingi humvutia mtoto kuliko thamani. Mpe achague kati ya sarafu tano za shilingi moja na sarafu moja ya Sh20, na huenda akakimbilia zile tano. Sarafu zilizozinduliwa Desemba 2018 zinarahisisha kazi hii, kwani kila moja ina mnyama wake: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye Sh5, simba kwenye Sh10 na ndovu kwenye Sh20. Mtoto asiyejua kusoma anaweza kufahamu kwamba simba wawili ni sawa na ndovu mmoja. Mtaala wa umilisi nao unagusia sarafu na noti katika hesabu za gredi za mwanzo, ila kitabu hakiwezi kushindana na kutumwa kibandani kununua nyanya na kurudi na chenji kamili.

Kuhusu akiba, wazazi wengi hununua kibubu wakadhani wamemaliza kazi. Ukweli ni kwamba kibubu hufunza subira pale tu mtoto anapowaamini watu wanaomzunguka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, wakiongozwa na Celeste Kidd, walilichunguza jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Waliwaahidi watoto wadogo vifaa bora vya kuchorea. Kundi moja lilitimiziwa ahadi, jingine likaambiwa kwamba vifaa havipo. Baadaye kila mtoto alipewa peremende laini na kuambiwa kwamba akingoja bila kuila, ataongezwa ya pili. Waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani wa dakika 12. Waliovunjwa moyo walingoja dakika tatu tu.

Utafiti huo ulihusisha watoto 28 pekee, kwa hivyo usichukuliwe kama msahafu. Lakini ni nani asiyemjua mzazi "aliyekopa" sarafu za kibubu cha mwanawe kwa ajili ya nauli akasahau kuzirejesha? Mtoto huyo akipata shilingi kesho ataila papo hapo, na hatakuwa mjinga kufanya hivyo. Mzazi aliyebanwa na akalazimika kuzigusa hela hizo amwombe mwenyewe, ataje siku ya kulipa, na alipe siku hiyo. Kwa kufanya hivyo atakuwa amefunza pia maana ya deni, somo linalohitajika mno katika nyumba ambamo neno "kufuliza" husikika kila wiki tangu huduma ya Fuliza ianzishwe mwaka 2019. Mtoto adhaniaye kwamba Fuliza ni zawadi ya simu aelezwe kwamba pesa zitakazoingia kesho zitakatwa kulipia za leo, na ada juu yake.

Kibubu chenyewe kisiachwe kujaa kwa miaka. Noti za zamani za Sh1,000 zilikoma kutumika baada ya Septemba 30, 2019, na iliyosahaulika ndani ya kopo baada ya siku hiyo iligeuka karatasi tu. Isitoshe, bei hupanda huku sarafu zikilala. Kwa mtoto wa miaka minne, lengo la wiki mbili, kama vile mpira mdogo, linatosha. Wa miaka minane aweza kungoja muhula mzima.

Akiba ikishazidi ukubwa wa kopo, benki na vyama vingi vya ushirika hufungua akaunti za watoto, mzazi akiwa ndiye mtia sahihi hadi mwenye akaunti atimize miaka 18. Mzazi aandamane na mtoto siku ya kuweka pesa, na amwachie azihesabu mwenyewe mbele ya karani, hata kama foleni itanung'unika.