Taksi bila shofere: tuamini tarehe gani?

Ndugu wachimbaji, bamama na vijana wa kambi, kampani Waymo ya Marekani ilitangaza mu mwezi wa 10 mwaka 2025 kwamba mu 2026 taksi zake bila shofere zitabeba watu mu London, kule Uingereza. Wengi wananiuliza: delege, ile tarehe ni ya kweli?

Tupime kwanza ahadi za zamani. Mwezi wa 4 mwaka 2019, Elon Musk wa Tesla alisema mwaka wenye kufuata taksi za namna ile zitapita milioni moja. 2020 ikapita bure. Zilianza paka tarehe 22 mwezi wa 6 mwaka 2025, mu muji wa Austin, motokari kidogo tu, na mufanyakazi wa kampani amekaa pembeni anachunga. General Motors nayo iliahidi 2019. Kampani yake Cruise ilifika mu njia za San Francisco, lakini mwezi wa 10 mwaka 2023 motokari yake moja ikamukokota mwanamuke aliyekwisha kugongwa na gari ingine. Serikali ya California ikanyang'anya ruhusa. Mwisho wa 2024 General Motors ikakata makuta.

Waymo iko na matendo: tangu mwezi wa 10 mwaka 2020 inabeba watu karibu na Phoenix bila mutu nyuma ya usukani. Lakini London tarehe haiko mu mikono ya kampani peke yake. Sheria ya Uingereza ilipitishwa 2024, na serikali ilisema itatumika yote mu nusu ya pili ya 2027. Mbele ya pale ni majaribio tu, yenye kuomba ruhusa. Kwa hiyo mawazo yangu ni haya: mu 2026 motokari chache zinaweza kubeba watu. Huduma ya kila mutu, kila kartie, itachelewa.

Basi mukisikia «tumeanza», muulize mambo ine. Motokari ni ngapi? Mutu wa kampani iko ndani? Nani ametoa ruhusa? Ikigonga mutu, nani atalipa?

Lakini musicheke sana. Taksi inachelewa kwa sababu muji uko na watoto, mikokoteni, mvua na polisi. Mu kariyeri hakuna ile. Njia ni ya patron, mageti yamefungwa, benne inarudia njia moja usiku na muchana. Ndiyo maana kule Chile, mu mine ya Gabriela Mistral, benne bila shofere zinafanya kazi tangu 2008, miaka mingi mbele ya taksi.

Kwa hiyo siye tusingojee London. Wakati wa kuzungumuza kontra mupya, tuombe maandishi: sendika ijulishwe mbele ya mashini kununuliwa, na shofere wa leo afundishwe kuiongoza na kuitengeneza. Tarehe ya mudomo inasogea. Ile yenye kutiwa sinyatire, tunaweza kuidai.