Msuli Ukichanika, Eksirei Haioni

Mkimbiaji yuko mbioni, ghafla anashika nyuma ya paja na kuanguka. Wengi wetu tulimwona Usain Bolt akipatwa na hayo London mwaka 2017, katika mbio zake za mwisho. Yeye alikuwa na madaktari. Je, kijana wetu wa shule?

Akipelekwa hospitali mara nyingi hupigwa eksirei. Hiyo ni ya mifupa. Msuli uliochanika haionyeshi. Anaambiwa hakuna kilichovunjika, naye baada ya wiki moja yuko uwanjani tena. Hapo ndipo msuli ambao haujapona huchanika upya, mara nyingi vibaya zaidi.

Mashine ya MRI huona misuli vizuri sana, lakini ni ghali na haibebeki. Ultrasaundi, ile ya akina mama wajawazito, husaidia ikiwa anayeitumia amefunzwa kusoma misuli.

Huko Uswidi, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chalmers wanajaribu njia nyingine: mawimbi ya maikrowevu. Antena ndogo huzungushwa kwenye paja. Moja inatuma mawimbi, zingine zinapokea. Msuli una maji mengi, mafuta yana machache, na pale damu ilipovilia mawimbi hupita kwa namna tofauti. Kompyuta hupima tofauti hiyo na kuchora picha. Shida ni kwamba mawimbi nayo ni wajanja, mengine huzunguka juu ya ngozi badala ya kupita ndani! Kwa hiyo hupakwa jeli ya kuyameza hayo ya pembeni.

Msiogope kwamba nyama itapikwa kama kwenye oveni. Nguvu yake ni ndogo sana, na hayana madhara ya miale ya eksirei. Lakini tusidanganyane: bado ni majaribio, mengine kwa miguu ya bandia, na picha yake haijafikia ya MRI. Tunaifuatilia kwa sababu kifaa kidogo hivyo kinaweza siku moja kuletwa hadi uwanjani.

Kwa sasa, mwalimu, msimamishe mtoto mara moja. Weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa, funga bandeji bila kukaza mno, inua mguu. Siku za kwanza usimchue kwa dawa ya moto, maana damu itazidi kuvuja ndani. Asipoweza kukanyaga, au paja likivimba na kuwa jeusi, mpeleke hospitali. Na asirudi mbioni mpaka mguu huo uwe na nguvu sawa na mwenzake, hata kama mashindano ya wilaya ni kesho.