Posho ya msafiri na upweke wa sahani moja

JUA linapotua katika kituo cha Salgaa, kwenye barabara kuu itokayo Nakuru kuelekea Eldoret, malori huanza kuegeshwa safu kwa safu huku moshi wa nyama choma ukitanda juu ya vibanda vya chakula.

Madereva huteremka mmoja mmoja. Kila mmoja huagiza ugali, sukuma wiki na nyama ya karanga, akaketi mahali ambapo ataliona lori lake, akala upesi na kurejea kulala ndani ya kichwa cha gari.

Aliyepakia shehena Mombasa kuipeleka Kampala, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,100, huenda asishiriki mlo na mtu yeyote anayemfahamu hadi atakaporudi nyumbani. Naye akisharudi, hukaa siku chache tu kabla ya kuitwa apakie tena.

Hali hii haiwakumbi madereva pekee. Wauzaji wa dawa wanaozunguka hospitalini, wakaguzi wa hesabu, mafundi wa mitambo ya simu na, tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi 2013, maafisa wengi wanaosafiri kati ya kaunti zao na Nairobi, wanazijua vyema meza za hoteli ambapo mhudumu huja kwanza kuondoa sahani ya pili.

Katika jamii ambazo mpita njia huitwa kwa neno "karibu" kila anapowakuta watu wakila, kula peke yake siku nenda siku rudi si jambo dogo. Ili kuelewa lilivyofikia kuwa desturi ya kazi, sharti mtu arudi nyuma kidogo.

Posho ya chungu kimoja

Leo neno posho huwajia wengi akilini kama fedha anazopewa mfanyakazi aliye safarini. Katika karne ya 19, misafara ilipokuwa ikitoka pwani kwenda bara, posho ilikuwa chakula chenyewe.

Kila mpagazi alipimiwa nafaka yake ya siku. Kipimo cha kawaida kilikuwa kibaba kimoja, yaani karibu ratili moja na nusu ya mtama, mahindi au mchele, kutegemea nchi waliyokuwa wakipita.

Hata hivyo, nafaka hiyo haikuliwa na mtu mmoja mmoja. Wapagazi walijigawa katika makundi madogo yaliyoitwa kambi, na kila kambi ilikuwa na chungu chake. Mmoja aliteka maji, mwingine akatafuta kuni, wa tatu akapika.

Sababu haikuwa ukarimu tu. Mtu aliyetembea tangu alfajiri akiwa na mzigo wa ratili 60 au zaidi begani hakuwa na nguvu za kufanya kazi hizo zote peke yake. Aidha, aliyeugua njiani alihitaji wenzake wa chungu kimoja wamtazame.

Reli iliyojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901 ilibadili mwendo, lakini haikuwatenganisha wasafiri mezani. Katika miaka ya mwanzo treni ilisimama katika vituo kama Voi na Makindu, abiria wakashuka kula pamoja.

Baadaye yalikuja mabehewa ya chakula. Katika treni ya usiku ya Nairobi hadi Mombasa, iliyokoma 2017 mwaka ambao ile ya reli mpya ya SGR ilianza safari, abiria wasiojuana waliweza kujikuta wameketishwa meza moja, na kabla ya supu kwisha mazungumzo yalikuwa yamekolea.

Ni barabara, na fedha, zilizoipasua meza hiyo. Posho iliyokuwa kibaba cha nafaka imekuwa shilingi, na tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa 2007 hutumwa kwa simu moja kwa moja kwa mhusika.

Kibaba cha nafaka kilikuwa cha kuliwa, ilhali fedha huweza kubanwa. Dereva anayeruka chakula cha mchana na kula mara moja tu usiku hubaki na kitu cha kutuma nyumbani kwa karo au unga. Kwa njia hii, anachojinyima barabarani ndicho wanachokula wanawe, na mwaliko wa kuketi na wenzake, ambao huenda ukaishia kwa kununuliana vinywaji, huonekana kuwa hasara.

Kinachowatenga wasafiri

Mbali na fedha, kuna ulinzi. Mizigo na mafuta ya gari huibwa lori linapoachwa bila mtu, na gharama huweza kumwangukia dereva.

Zamani alikuwapo utingo, aliyelinda gari huku dereva akila, kisha wakabadilishana, au wakapika pamoja kwa jiko lililobebwa katika sanduku la vifaa. Kampuni kadhaa sasa hutuma dereva peke yake ili kupunguza gharama, na aliyebaki hana wa kumwachia gari wala wa kupika naye.

Teknolojia nayo imechangia. Mizigo inayopita nchini kwenda nchi jirani hufungwa vifaa vya kielektroniki vinavyofuatiliwa na mamlaka za ushuru. Mfumo wa pamoja wa Kenya, Uganda na Rwanda ulizinduliwa 2017, na lori linaloiacha njia iliyoidhinishwa au kusimama mahali pasipofaa huweza kumletea dereva maswali. Kupinda kona kwenda kula kwa shemeji si jambo rahisi tena.

Sababu nyingine ni hofu. Visa vya watu kutiliwa dawa za kulevya katika chakula au kinywaji, kisha wakaibiwa, vimewafanya wasafiri kuonywa mara kwa mara wasipokee chochote kutoka kwa wasiowajua.

Onyo hilo ni la busara, lakini linakwenda kinyume na malezi ya watu wengi, ambao walifunzwa kwamba kukataa chakula cha mtu ni kumdharau. Wahenga wenyewe hawakuwa wajinga wa jambo hili, kwani walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Msafiri wa leo ameuchukua usemi huo neno kwa neno.

Janga la Covid-19 lilizidisha utengano. Mwaka 2020, foleni ya malori katika mpaka wa Malaba ilifika makumi ya kilomita, madereva wakakaa siku kadhaa wakingoja matokeo ya vipimo. Baadhi ya wenyeji waliwaona kama wasambazaji wa ugonjwa, wakaogopa hata kuwakaribia.

Afya na akili

Wataalamu hutofautisha kuwa peke yako na kuwa mpweke. Kuna afisa ambaye baada ya mikutano ya kutwa huifurahia nusu saa yake na sahani ya samaki pasipo kuulizwa swali. Huyo amechagua. Dhara huja pale mtu anapokosa njia nyingine kwa wiki na miezi.

Mwaka 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti iliyosema kwamba mtu mmoja kati ya kila sita duniani huathiriwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 870,000 kila mwaka.

Mwaka uo huo, Ripoti ya Furaha Duniani ilitenga sura nzima kueleza uhusiano wa mlo wa pamoja na ridhaa ya maisha. Ilibaini kuwa idadi ya milo ambayo mtu hushiriki na wenzake huashiria hali yake ya furaha karibu sawa na kipato chake au kuwa kwake na kazi.

Nchini Korea Kusini, utafiti uliochapishwa 2017 na kuhusisha zaidi ya watu wazima 7,700 ulionyesha kuwa wanaume waliokula peke yao mara mbili au zaidi kwa siku walielekea zaidi kuwa na unene wa kupindukia na dalili zinazotangulia kisukari na maradhi ya moyo.

Matokeo kama hayo hayathibitishi kwamba upweke wenyewe ndio uletao maradhi. Yamkini anayekula peke yake pia hulala kidogo na hana wa kumpikia. Isitoshe, tafiti nyingine zimeonyesha kuwa watu hula zaidi wanapokuwa katika kundi.

Kwa dereva, hata hivyo, mambo haya hukutana. Hushinda kwa soda, mkate na pengine miraa, ambayo humwondolea njaa pamoja na usingizi. Usiku hula mlo mzito wa siku nzima, akalala papo hapo. Kesho yake huketi tena kwenye usukani kwa saa nyingi.

Sheria ya Trafiki, kufuatia marekebisho ya 2012, inakataza kuendesha gari la kibiashara kwa zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Dereva asiye na mwenzake mezani hana pia wa kumwambia kwamba macho yake ni mekundu na afadhali alale kwanza. Hapo jambo la sahani huwa jambo la usalama wa kila mtumiaji wa barabara.

Familia nazo huguswa. Aliyezoea kula kwa dakika kumi huku akitazama matairi huweza kumaliza chakula nyumbani kabla ya watoto kunawa, na kuinuka mezani pasipo kutambua kwamba walikuwa wakimngoja azungumze nao.

Karibu na starehe

Baadhi wamebuni njia za kujinusuru. Wako wanaorudi katika kibanda kile kile kila safari, mpaka mpishi akawajua kwa majina na kuuliza hali ya mtoto aliyekuwa mgonjwa mwezi uliopita. Wengine humpigia mke simu saa ya chajio, wakaweka sauti juu na kula pamoja naye ingawa wako mbali.

Waajiri wana sehemu yao. Posho inayotosha milo mitatu, ratiba inayowaruhusu madereva wa kampuni moja kupumzika mahali pamoja, na maegesho yenye walinzi vingemwezesha dereva kuligeuzia lori kisogo kwa nusu saa.

Mamlaka inayoratibu uchukuzi wa Ukanda wa Kaskazini, yenye makao Mombasa, imekuwa ikihimiza kujengwa kwa vituo vya mapumziko kando ya barabara. Vituo hivyo vikipangwa, ni vyema pakumbukwe meza ndefu, wala si choo na maegesho pekee.

Mfano uko njiani tayari. Huko Makindu, katika hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926, mpita njia wa dini yoyote hupewa chapati, dengu, wali na chai bila malipo. Huvua viatu, akafunika kichwa, akaketi na kula pamoja na aliyemkuta, awe tajiri au utingo.

Hata pasipo hekalu, desturi ya zamani haijafa. Katika vibanda vingi, msafiri akiletewa sahani yake humtazama mgeni aliyeketi mkabala naye na kumwambia "karibu". Kwa Waswahili wa pwani, jibu la anayeshukuru bila kuonja ni "starehe".

Hakuna aliyekula cha mwenzake, na hakuna aliyevunja onyo la kujihadhari na wasiojulikana. Lakini aghalabu hufuata swali kuhusu hali ya barabara huko mbele, kisha jingine, na kwa muda wa mlo huo watu wawili huwa wamekula pamoja.