Asilimia Tano na Diko la Muhuru

Mwezi wa Mei mwaka 2025 Rais wa Kenya alitia sahihi Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, nayo ikashika mahali pa ile ya mwaka 2003 iliyokuwa imekwisha zeeka. Na katika faradhi zote zilizomo ndani yake, iliyo mashuhuri zaidi ni ile inayomtaka kila mwajiri, awe wa serikali au wa binafsi, maadamu ana wafanyakazi wasiopungua 20, atenge angalau asilimia 5 ya nafasi za kazi kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Mswada wake ulipelekwa katika Seneti na Crystal Asige, seneta ambaye mwenyewe amepoteza uwezo wa kuona. Hesabu ya asilimia hiyo ni nyepesi: penye watu 20, mmoja; penye 40, wawili. Lakini hesabu hiyo haiwezi kuanza mpaka pawepo daftari la mishahara, na ndiyo maana nataka kuieleza sheria hii kwa kuisimamisha mahali ambapo daftari la namna hiyo ni nadra, yaani Muhuru, katika Nyatike ya kaunti ya Migori, pale ardhi ya Kenya inapoishia katika maji ya Ziwa Victoria na jirani wa upande wa kusini ni Mtanzania.

Fikra ya kutenga fungu la kazi haikuzaliwa ziwani wala pwani. Ilizaliwa Ulaya, katika nchi za viwanda, baada ya vita vikuu kuwarudisha makwao maelfu ya vijana waliokatika miguu na kupofuka macho. Ujerumani ilitangulia baada ya vita vya kwanza. Uingereza ikafuata mwaka 1944, sheria yake ikimtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awe na walemavu asilimia 3, na baadaye kazi mbili, ya kuendesha lifti na ya kuangalia maegesho ya magari, zikawekwa wakfu kwa ajili yao peke yao. Hiba hiyo, kwa rai yangu, yatuonyesha vizuri jinsi watunga sheria wale walivyozikadiria akili za watu waliotaka kuwaauni. Waingereza waliiacha kanuni hiyo katika miaka ya 1990 wakaelekea kwenye sheria ya kupinga ubaguzi. Wajerumani hawakuiacha: mpaka leo mwajiri wa watu 20 hutakiwa awe na asilimia 5, na asiyetimiza hulipa tozo, na fedha zake hutumika kutengeneza mahali pa kazi pawafae walemavu. Basi msomaji akizifungua sheria zetu ataziona nambari hizo hizo zimevuka bahari: Tanzania, kwa sheria yake ya mwaka 2010, yataka asilimia 3 kwa mwajiri wa watu 20, na Kenya sasa yataka asilimia 5 kwa mwajiri wa watu 20. Kuazima si aibu. Ila kanzu hii ilikatwa kwa kipimo cha kiwanda, na anayeivaa huku ni mvuvi.

Wala Kenya haikuanza jana. Serikali ya uhuru haikukawia kuunda kamati chini ya Ngala Mwendwa, aliyekuwa waziri wa kazi, ichunguze hali ya walemavu, na maoni yake yakazaa Waraka wa Bunge Nambari 5 wa mwaka 1968, ulioleta vituo vya kuwafundisha walemavu kazi za mikono kama vile ushonaji, useremala na utengenezaji wa vitu vya ngozi. Kilicho karibu zaidi na watu wa Migori ni kile cha Kisii. Nia ya zama zile ilikuwa kumrekebisha mtu mpaka aifae kazi, ilhali nia ya leo, iliyoandikwa katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, ni kuirekebisha kazi mpaka imfae mtu. Sheria ya 2003 ilisimama katikati. Ilikataza ubaguzi kazini. Ilimpa mwajiri wa binafsi ruhusa ya kuomba apunguziwe, katika mapato yake ya kutozwa kodi, kiasi kilicho sawa na asilimia 25 ya mshahara anaomlipa mfanyakazi mlemavu, na tena asilimia 50 ya gharama za kubadili jengo au vyombo vya kazi kwa ajili yake. Nayo pia iliitaja asilimia 5, ya kazi za kibarua, za dharura na za mkataba. Lakini mzigo wa kuzitafuta ililitwika Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo lilitakiwa kujitahidi tu, na mwajiri aliyepuuza hakuwa na la kuogopa. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, ikaongeza kwamba walemavu wapate hatua kwa hatua angalau asilimia 5 ya nafasi katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Hatua hizo zimekuwa fupi mno: taarifa za Tume ya Utumishi wa Umma zimekuwa zikionyesha, mwaka baada ya mwaka, kwamba watumishi wenye ulemavu wako mbali sana na kiwango hicho, na hao ni waajiriwa wa serikali ile ile inayomhimiza mwenye duka.

Sisemi haya kwa kuidharau asilimia 5. Migori ina madaftari yake: kuna serikali ya kaunti, kuna walimu na wauguzi, kuna kiwanda cha sukari cha Awendo, kuna benki za mjini, na kila mahali penye daftari sheria ina mahali pa kushikia, kwa sababu mkaguzi aweza kulifungua na kuhesabu. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Wakenya wenye ulemavu walio na umri wa miaka 5 na zaidi walikuwa asilimia 2.2, kiasi cha laki tisa, lakini katika kaunti jirani ya Homa Bay walifika asilimia 4.3, miongoni mwa viwango vya juu kabisa nchini. Mwenye kudai kwamba hawaonekani watu wa kuajiriwa katika sehemu hizi za ziwa huenda hajatazama nje ya mlango wake. Kweli wengi hawana cheti cha kidato cha nne. Lakini hilo lina asili yake katika shule iliyo mbali, isiyo na mwalimu wa lugha ya ishara, na yenye choo kisichoingilika kwa kiti cha magurudumu, mambo ambayo tangazo la kazi haliwezi kuyatibu hata likiandikwa kwa ufasaha gani.

Sasa tushuke dikoni. Mashua ya omena, yaani dagaa, hutoka jioni na mabaharia wachache, taa zikiwashwa juu ya maji usiku usio na mwezi (zamani karabai, siku hizi taa za betri), na asubuhi hurejea na mzigo ambao wachuuzi, wengi wao wanawake, huununua papo hapo ufuoni. Hutolewa gharama ya mafuta na ya chakula, kisha kinachobaki hugawanywa baina ya mwenye chombo na mabaharia kwa mgao walioafikiana. Hapana barua ya ajira, hapana likizo, hapana karani wa mishahara. Mwenye mashua nne zenye watu wanne wanne ni tajiri wa kutajika katika kijiji, naye ana watu 16, basi sheria ya asilimia 5 haimgusi hata kwa ncha ya kidole. Na ile nafuu ya kodi ya mwaka 2003 ingemsaidia nini mtu asiyejaza hati ya mapato kwa ofisi ya ushuru? Vivyo hivyo kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Macalder, na kwa fundi wa pikipiki, na kwa mama muuza ngege wa kukaanga.

Pamoja na hayo diko lina kazi tele zisizohitaji mtu kukanyaga maji wala kuvuta kamba. Mtazame fundi wa nyavu. Hukaa chini ya mti, wavu wameuleta umechanika kwa mwamba au kwa mbuta mkubwa, naye kwanza hulikata tundu kwa kisu mpaka kingo zake ziwe sawa, kisha huhesabu macho na kuanza kuyaunga kwa sindano ya mti iliyojazwa uzi, jicho kwa jicho, kwa kipimo kile kile, maana jicho likiwa dogo mno ofisa wa uvuvi aweza kuutwaa wavu wote. Mafundi wengi huunasa wavu katika kidole gumba cha mguu ili ukazike. Aliyepooza miguu huufunga katika kigingi, na mshono ukawa ule ule. Hapo marekebisho ya kazi, yale ambayo mikataba huyaeleza kwa kurasa nyingi, yamekuwa kipande cha mti kilichopigwa ardhini. Lakini fundi huyo hulipwa kwa wavu, si kwa mwezi. Uzi huukopa kwa mwenye mashua. Na siku mwenye mashua anapokasirika, hana uzi wala wavu. Wamtafutao katika takwimu za ajira hawatamwona.

Kazi ya kuanika omena ndiyo mfano bora zaidi. Desturi ni kuwatandaza juu ya nyavu kuukuu ardhini, wanawake wakiinama kutwa kuwageuza, na mchanga ukiingia, na mvua ikija ghafla mali yote ikaharibika. Maofisa wa uvuvi wamekuwa wakiwashauri watu watumie vichanja vilivyoinuliwa, kwa sababu ya usafi na bei, si kwa ajili ya walemavu. Kichanja kilichofika kiunoni kwa mtu aliyesimama huwa kirefu kwa aketiye; kikipunguzwa kidogo, mwanamke mwenye kiti cha magurudumu, au mwenye mguu mmoja akiwa juu ya kigoda, hugeuza omena wake sawasawa na jirani yake. Kila anayeinama amepata nafuu, na hakuna aliyelazimika kuhesabiwa.

Ipo njia nyingine ndani ya siasa za taifa, isiyopita kwenye daftari la mwajiri, nayo kwa watu wa ziwani naiona ina faida zaidi, ingawa magazeti huiandika kwa uchache. Hazina ya Uwezo hukopesha vikundi vya wanawake, vijana na walemavu bila riba, kwa kupitia majimbo ya uchaguzi. Asilimia 30 ya manunuzi ya serikali imetengewa makundi hayo hayo matatu tangu mwaka 2013, na kampuni au kikundi hukubaliwa ikiwa angalau asilimia 70 ya umiliki ni wao. Mfuko wa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu hutoa zana za kazi na ruzuku kwa vikundi. Katika kila mlango kati ya hiyo mlemavu huulizwa kitambulisho chake cha ulemavu, na kitambulisho hicho huanzia kwa madaktari wa hospitali zilizoidhinishwa, wanaompima mtu na kujaza hati. Na mji wa Migori, anakoendea kupimwa, u mbali na ziwa. Mtu wa Muhuru asiye na miguu hulipa nauli yake na ya msindikizaji, na wakikuta daktari wa kupima hayupo siku hiyo, hulipa tena. Mlemavu mwenye mshahara, akishapata hati yake, hatozwi kodi katika shilingi 150,000 za mwanzo za kila mwezi, neema kubwa kwa mwalimu na karani. Fundi wa nyavu, ambaye katika mwezi haioni hata sehemu ndogo ya fedha hizo, amesafiri safari ile ile kwa ajili ya ahadi ya mkopo. Kuwapeleka wapimaji madikoni, Muhuru, Sori na Karungu, kwa siku zinazojulikana na kutangazwa kanisani na sokoni, kungegharimu kidogo kuliko semina moja ya hoteli.

Kisha kuna vile vikundi vya usimamizi wa fuo ambavyo sheria ya uvuvi imeviweka tangu mwaka 2007, na ambavyo ndivyo dola ya kila siku katika diko: huandikisha vyombo, wavuvi, wachuuzi na mafundi, huamua mizozo, husimamia mahali pa kupimia na kuuzia. Daftari la mishahara Muhuru ni nadra, lakini daftari la wanachama lipo. Fundi wa nyavu akiandikwa humo kwa kazi yake ana haki ya kupiga kura na kugombea, na hawezi kufukuzwa chini ya mti wake kwa hasira ya mtu mmoja. Wanawake wa ziwa walikwisha onyesha njia: kule Nduru, karibu na Kisumu, walipochoka kununua samaki kwa masharti ya aibu ya wavuvi, walitafuta mashua zao wenyewe, wakawa wao ndio wanaoajiri mabaharia. Kikundi cha walemavu kilicho na mashua moja na nyavu zake, kilichokopa Uwezo na kulipa kwa mgao wa omena, hakihitaji mwajiri wa watu 20, tena chaweza kuwa mwajiri.

Kaunti nayo ina sehemu yake, na sehemu hiyo ni ya kiofisi kabisa. Inapojenga banda la samaki, au ngazi za kushukia majini, au vichanja vya kuanikia, hutoa zabuni yenye michoro, na mkandarasi hujenga kile kilichochorwa. Sheria ya 2025 yataka majengo ya umma yafikike na walemavu. Basi anayechora vichanja vya Muhuru na aandike katika mchoro ule urefu unaomfaa aketiye kwa safu moja au mbili kati ya zote, na njia ya zege yenye upana wa kiti cha magurudumu toka barabarani mpaka kwenye mizani, kabla zabuni haijatangazwa, maana zege ikishakauka hakuna fungu la bajeti litakalopatikana la kuivunja.